Mkojo wa Mpangaji

Mke wa mchomeleaji alikuwa hajatua hata mkoba wake aliporudi kazini akamkuta Bi Funguo katikati ya korido, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Ndala ya mguu wa pili alikuwa ameishika kwa vidole viwili, mbali na gauni lake, inadondoka.

"Nusa," Bi Funguo akasema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nusa kwanza, habari za kazi tutaulizana baadaye."

Hakuwa na haja ya kunusa. Tangu alfajiri alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akipokea mashuka ya wodini na kuyatenga, ya damu huku, ya mkojo kule. Mkojo kazini, mkojo nyumbani. Mungu alikuwa amempa riziki ya aina moja.

Bi Funguo ndiye mwenye nyumba. Jina hilo wapangaji walimpa kwa ajili ya lile fungu la funguo lililoning'inia kiunoni mwake kutwa nzima, kiasi kwamba mtu akiwa ndani alijua kwa mlio tu yuko mlango gani. Alikuwa mtu wa kusali sana na kudeki sana, na hakuna aliyejua kipi kati ya hivyo viwili alikitegemea zaidi kumfikisha peponi.

"Mimi sikukataza mbwa," alisema. "Mzee wenu alipokuja naye kamfunika kotini kama mkate wa moto, nilinyamaza. Nikasema mzee mpweke, mwache apate wa kuongea naye. Lakini nimepangisha vyumba, sikupangisha choo. Korido hii napita nikiwa nimeoga, nakwenda kusali. Leo nimekanyaga. Nikaoge tena?"

"Utusamehe, bibi. Napadeki sasa hivi."

"Kudeki utadeki. Ila mwisho wa mwezi, Jumamosi, nikipita kukagua vyumba nikakuta hapa maji ambayo hayakutoka kwenye ndoo, mtahama. Mbwa na waliomleta. Yupo mtu anavitaka vyumba vyenu, kila siku ananipigia simu."

"Bado mtoto huyo," ikasema sauti kutoka mlango wa pili. "Mtoto hujifunza."

Alikuwa baba mkwe, kwenye kiti chake mlangoni pa chumba chake, hamtazami yeyote.

"Mtoto wa mtu ndiye hujifunza, mzee. Wa mbwa hufundishwa na fimbo."

Baba mkwe alitazama saa yake ya mkononi. Alikuwa fundi saa maisha yake yote, na ingawa duka lilishafungwa, suruali yake ilikuwa bado na mkunjo wa pasi uliosimama kama makali ya kisu. Mkaza mwana wake alipopitisha dekio mbele yake, alivuta miguu chini ya kiti polepole, akatazama pembeni. Hapo chini kijibwa cheusi chenye sikio moja lililolala kilikuwa kikitafuna kamba ya kiatu chake, hakijui kwamba kesi imesomwa na hukumu imetoka.

Mzee ndiye aliyempa jina Mpangaji. Kwa sababu, alisema, kaingia bila kuulizwa, halipi kitu, na bado analalamika.

*

Mume aliposikia, alikuwa anakula. Alikuwa mtu wa kuchomelea mageti na madirisha, macho mekundu, mikono imejaa madoa ya cheche, na hasira yake ilikuwa kama kazi yake: ikiwaka, usitazame.

"Nitampeleka kwa yule wa vyuma chakavu," alisema. "Anatafuta mbwa wa kufunga mnyororo pale langoni."

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nitamfundisha."

"Utamfundisha saa ngapi? Unatoka jua halijatoka, unarudi linazama. Mbwa atafundishwa kwa simu?"

Hilo lilikuwa kweli. Lakini alikuwa na sababu yake. Baba mkwe alipotoka kwa binti yake mkubwa, alikokaa kwa muda, alikuja na sanduku moja na hakusema neno juu ya huko. Alikaa akitazama ukuta. Chakula alikigusa kwa adabu tu. Siku aliyokuja na kijibwa ndiyo siku aliyoomba kuongezewa mchuzi. Tangu hapo wapangaji wenzao walimsikia mchana anaongea na mbwa, anamweleza habari za saa za watu alizotengeneza, na nani hakulipa, kisha anacheka. Mkaza mwana hakuwa amejaliwa mtoto, na katika nyumba ile hakukuwahi kusikika mtu anacheka peke yake.

Na kulikuwa na hilo la vyumba. Vilikuwa mkabala na hospitali. Angehama mbali asingewahi zamu, na msimamizi wa kufulia hakuwa mtu wa kuelezwa habari za foleni.

"Mpaka mwisho wa mwezi," mume akasema mwishoni, akinawa. "Na ni kwa ajili ya baba. Si kwa ajili ya mbwa."

*

Kwenye chumba cha kufulia, katikati ya mvuke, mwenzake aliyeitwa Mama Pasi ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Mama Pasi aliwahi kufuga mbwa watatu na mume mmoja, na alidai mbwa walikuwa rahisi zaidi.

"Mbwa mdogo kibofu chake ni kama kikombe cha kahawa," alisema, anakunja shuka bila kulitazama. "Akiamka, mtoe. Akila, mtoe. Akicheza sana, mtoe. Mpeleke mahali pamoja, mwambie neno moja, lilelile, usibadilishe kila siku kama mwanasiasa. Akimaliza, hapohapo mpe kitu na umsifu."

"Na nikikuta kashakojoa ndani?"

"Nyamaza, ufute. Ukimpiga hajui unampigia lipi. Anachojua ni kwamba wewe ukiingia, yeye anaumia. Ataanza kujificha. Na mwenye kujificha, mwenzangu, hafundishiki."

"Neno gani sasa?"

Wanawake wote wa kufulia wakachangia, mengine hayaandikiki. Wakakubaliana na *shusha*. Shusha mzigo. Walicheka mpaka msimamizi akachungulia.

Neno lile halikuwa gumu kwa mbwa. Lilikuwa gumu kwake. Kati ya mkwe na mkaza mwana kuna pazia. Wanaishi nyumba moja, wanakula chungu kimoja, lakini yapo mambo ambayo hata ulimi hauyapitii karibu. Ilibidi aligeukie dirisha ili aliseme.

"Baba, kwa kuwa mimi sipo mchana, nilikuwa naomba utusaidie kumtoa Mpangaji uani. Kila mara. Ukimtoa, pale penye uzio, mwambie... kuna neno anafundishwa."

"Neno gani?"

"Shusha."

 Uso wa mzee haukusogea hata unyusi.

"Nitamwambia," alisema.

Mpangaji akajifunza, na haraka kuliko alivyoahidi Mama Pasi. Alfajiri, umande bado uko kwenye majani, mke wa mchomeleaji alimbeba mpaka penye uzio, "shusha," na kijibwa kilizunguka mara mbili kama mtu anayetafuta kiti, kikashusha, kikakimbilia mkononi mwake kutafuta kipande cha mkate. Jioni vivyo hivyo. Siku ya Jumapili alipokuwa nyumbani kutwa, korido ilikuwa kavu kama sahani. Mpangaji mwenyewe alikwenda mlango wa nyuma, akakwaruza, akalia.

Lakini siku za kazi, akirudi, mambo yalikuwa yaleyale. Maji chini ya mlango wa nyuma, daima palepale, chini ya komeo. Mara nyingine yamefutwa nusu, kama mtu aliyeanza kisha akachoka.

"Chini ya mlango?" Mama Pasi alisema. "Basi huyo kashafundishika. Anaelekea nje, anakwama tu. Nani anamfungulia?"

"Baba mkwe."

"Labda mzee anasinzia."

Ndivyo naye alivyojiambia. Mzee anasinzia. Jioni moja mume alitangulia kufika, akakuta maji, na aliyoyafanya hakumwuliza mtu. Alimshika Mpangaji ukosi, akamsugulia pua palepale sakafuni, mara tatu, akimwambia, "Yako haya. Yako haya." Kijibwa hakikulia. Kilimtazama tu kwa macho ya aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine.

Baba mkwe alikuwa mezani. Akaweka kijiko chini.

"Nimeshiba," alisema, naye alikuwa hajaonja. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

*

Alhamisi ya wiki ya mwisho, vali ya mtungi wa mvuke ilipasuka na chumba kizima cha kufulia kikasimama. Kabla ya adhuhuri waliambiwa waende nyumbani. Wenzake walikwenda zao sokoni. Yeye alivuka barabara, akaingia kwa lango la nyuma ili aanue nguo.

Mpangaji alikuwa uani, amefungwa kwa kamba kwenye uzio, kivulini, amelala chali na tumbo lake jeupe juu. Kando yake bakuli la maji. Ardhi pale penye uzio ilikuwa na alama mbichi, alikuwa ameshashusha. Mtu alikuwa amemtoa kwa wakati, kama alivyoombwa.

Akasukuma mlango wa nyuma, komeo lilikuwa limeshafunguliwa. Haukufunguka wote, ulizuiwa na kitambaa sakafuni, na kupitia ule ufa aliona kisigino cha mtu. Baba mkwe alikuwa amepiga magoti sakafuni, mgongo kwake, anafuta kwa fulana yake ya zamani. Aliegemeza mkono mmoja ukutani. Suruali yake, ile ya mkunjo, ilikuwa imelowa kutoka kiunoni mpaka goti, na alikuwa anajisemesha kwa sauti ndogo ya mtu anayembembeleza mgonjwa: "Basi, basi. Kidogo tu. Basi."

Mwanamke alirudi nyuma. Aliurudisha mlango kwa ncha za vidole kama anayeweka yai. Akatembea kinyumenyume mpaka langoni, akatoka nje kabisa, akasimama barabarani mkono mdomoni. Watu walipita. Alisimama muda mrefu, kwa sababu mzee yule alihitaji muda.

Kisha akalisukuma lango kwa kishindo, akakohoa, akaita, "Hodi wenyewe. Leo tumerudishwa mapema."

Ndani palisikika mlango wa chumba.  Alimfungua mbwa taratibu, fundo moja alifungua kwa dakika nyingi. Alipoingia, baba mkwe alikuwa kitini mwake, suruali nyingine, magoti pamoja.

"Pole, mwanangu," alisema. "Mpangaji ametuharibia tena."

Mpangaji alikuwa mikononi mwa mwanamke, ametoka uani, miguu yake ina vumbi kavu. Wote wawili waliiona miguu ile.

"Hakuna neno, baba," akasema. "Nitafuta."

Alifuta akiwa amewapa kisogo wote wawili. Sasa kila kitu kilijipanga mahali pake chenyewe: choo cha wapangaji kilikuwa uani, nje ya mlango uleule. Mzee ambaye maisha yake yote hakufuga hata paka, siku moja anarudi na kijibwa kotini. Alikuwa ametafuta wa kumbebea aibu.

*

Jioni ile alijaribu. Mume alikuwa anapaka mafuta mikono iliyoungua.

"Unaonaje baba siku hizi?" alianza.

"Anaonekanaje?"

"Anazeeka. Nasema labda tungempeleka hospitali wamwangalie."

"Amekulalamikia ugonjwa?"

"Hapana, ila..."

"Ila nini?" Aliacha kupaka mafuta. "Kama baba amekuchosha, sema. Usimzunguke. Dada alinipigia juzi, anasema chumba bado kipo. Nitamrudisha huko, wewe upumzike."

"Sijasema amenichosha."

"Basi mwache. Na huyo mbwa, Jumamosi nikitoka kazini nakuja na kamba. Nimeshaongea na mtu wa vyuma."

 Usiku mke alipiga magoti kando ya kitanda kusali, na sala ile haikuwa na maneno mengi, kwa sababu hakujua aombe lipi. Akinyamaza, mbwa asiye na kosa ataondoka, na wiki ijayo maji yatakuwa palepale, na hapo yatakuwa hayana mwingine wa kubandikiwa. Akisema, atakuwa amemvua nguo baba wa mumewe mbele ya mwanawe, na mzee atarudishwa kule alikotoka na sanduku lake moja. Kumwambia mzee mwenyewe uso kwa uso, hilo halikuwepo. Afadhali atembee barabarani bila gauni.

Kesho yake, mtungi umeshatengenezwa, alimwuliza Mama Pasi, akisema ni habari ya mwanamke mmoja anayemfahamu.

"Mwanamke unayemfahamu," Mama Pasi alisema, na macho yake hayakuinuka kutoka kwenye shuka, "amwambie hivi. Mkwe haambiwi. Mkwe husikia. Bibi yangu alikuwa akitaka kumwambia mama mkwe wake jambo, anamsema kuku. Kuku wale walivumilia mengi."

*

Ijumaa alipotoka kazini jua lilikuwa bado lipo. Baba mkwe alikuwa mlangoni pake, sinia mapajani, anasafisha mashine ya saa ya mezani kwa mswaki. Bi Funguo alikuwa ametoka, hajarudi. Mke wa mchomeleaji akaleta kigoda, akakaa upande wa pili wa korido, akampakata Mpangaji, akaanza kumtafuta viroboto.

"Mpangaji," alisema.  "Mpangaji, leo nataka tuongee wewe na mimi. Maana nyumba hii sina mwingine wa kumwambia."

Mswaki ukasimama, kisha ukaendelea.

"Mimi kazi yangu ni mashuka, unajua. Na unajua ni ya nani? Ya watu wazima. Ya walioamrisha wenzao, ya waliojenga nyumba, ya waliolea. Yakija kwangu yamelowa, nayafua, yanarudi meupe. Sijawahi kumcheka mwenye shuka. Hata siku moja. Mwili si mtumishi wa mtu, Mpangaji. Ukitaka kukaidi unakaidi."

Mpangaji alipiga miayo. 

"Kuna wodi moja pale kwetu ya wazee wanaume. Waliingia na shida hiyohiyo, hawawahi mlango. Walikaa nayo nyumbani wameificha mpaka wakaumwa. Daktari anawaambia, mara nyingi ni tezi dume. Si laana, wala si uchafu. Wengi wanatibiwa, wanatoka pale wanapiga mluzi."

Mswaki ulikuwa umewekwa chini kwenye sinia. Mkaza mwana hakuthubutu kuinua macho. Akawaza, nimevuka, nimevuka, Mungu nisamehe. Akasikia mzee anapiga ulimi, kt kt, na kijibwa kikaruka kutoka mapajani mwake kikaenda.

"Mpangaji," baba mkwe akasema, "mwambie mama yako umesikia."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kumweleza mteja kasoro ya saa.

"Mwambie wewe si mjinga. Njia unaijua. Unaamka mapema, unakwenda. Ila komeo la mlango ule ni gumu. Vidole vyako vilikuwa vinashika skrubu ndogo kuliko kiroboto, na leo vinashindwa na komeo. Unasimama pale, unahangaika nalo, na mwili haukusubiri."

"Komeo tutalitoa, Mpangaji," mkaza mwana alisema haraka. "Leo hii. Na chumbani nitakuwekea ndoo yenye mfuniko. Nitaitoa mwenyewe asubuhi. Sitauliza, na wewe hutaniambia."

"Mwambie mama yako hiyo si kazi ya..." Mzee akakatika. Alimkuna mbwa nyuma ya lile sikio lililolala. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa imeshuka. "Mwambie Mpangaji anaogopa kurudishwa. Huko alilazwa stoo. Shuka lake lilianikwa mbele ya nyumba, barabarani. Wageni wakija wanaonyeshwa. Wanaambiwa, tazameni kazi ninayopewa. Na aliyekuwa akionyesha ni mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni."



"Hapa shuka halianikwi mbele," mwanamke alisema.

"Mpangaji anashukuru."

"Lakini kesho, Mpangaji." Hapo ndipo machozi yalipomjia, akayafuta na kiganja kilichojaa manyoya. "Kesho mume wangu anakuja na kamba. Mimi siwezi kumzuia. Nikitaka kumzuia lazima niseme, na si langu kusema. Kwa hiyo utanisamehe."

Alingoja. Mzee alichukua mswaki, akainamia sinia lake. 

Mkaza mwana aling'oa komeo kwa bisibisi ya mzee mwenyewe, akaipangusa, akairudisha kwenye sinia. Akaweka ndoo chumbani wakati mzee amekwenda kutembea mpaka kona. Walipokutana koridoni wakasalimiana kama kawaida.

*

Jumamosi zamu huisha adhuhuri. Alivuka barabara mbio, na kabla hajafika mlangoni alisikia funguo. Bi Funguo alikuwa ndani, anakagua. Mume naye alikuwa ameshafika. Nguo za kazi, kamba mkononi. Na walikuwa wote wamesimama mwisho wa korido, wanatazama chini.

Hakukuwa na komeo tena. Lakini mlango wenyewe ulikuwa mbali na chumba cha mzee, na mchana kweupe mtu aliyezoea kujiheshimu hatumii ndoo.

"Umeona?" mume akamwambia. "Umeona, mwalimu?"

"Mimi sina la kuongeza," Bi Funguo akasema. "Nilisema mbele yenu wote."

"Bibi, mbwa anaondoka sasa hivi. Huyu anaondoka, sisi tubaki. Nakuomba."

"Mkeo naye aliniomba hivyohivyo."

Mume akapiga mbinja. Mpangaji akatoka chini ya kiti cha mzee akikata kiuno kwa furaha, akaja mwenyewe. Akavikwa kamba shingoni. Mume akamwinamisha kuelekea kwenye maji, pua mbele. "Yako haya. Uyakumbuke huko uendako."

"Mwache," baba mkwe akasema.

"Baba, kaa tu. Hili naliweza."

"Mwache. Si yeye."

"Usimtetee, baba. Utatufukuzisha nyumba kwa ajili ya mbwa."

"Simtetei," mzee alisema. Akashika mikono ya kiti, akajiinua. Ilimchukua muda, na hakuna aliyekwenda kumsaidia, maana walikuwa bado hawajaelewa. Akasimama wima, mikono kando, kama mtu anayepimwa nguo. "Nitazame."

Mwanawe alimtazama usoni.

"Nitazame chini."

Mchomeleaji akatazama. Mkunjo wa pasi ulikuwepo, ukishuka mpaka pajani. Kutoka hapo suruali ilikuwa nyeusi, imeganda mguuni. Mke wa mchomeleaji aligeuka akatazama ukuta, na ukutani hapakuwa na kitu.  Funguo hazikulia. Bi Funguo alikuwa amezikamata zote kwenye ngumi.

"Tangu lini?" mume akauliza. Haikuwa sauti yake.

"Tangu kabla ya mbwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipeleka kwa dada yako."

Hakulikana hilo. Kamba ilikuwa imemlegea mkononi, Mpangaji akajivuta, akaenda kunusa viatu vya mzee.

Bi Funguo ndiye aliyesogea kwanza. Alipita pembeni, amekusanya gauni, na alipofika usawa wa baba mkwe aliinamisha kichwa kidogo, kama wanavyofanya watu wa rika moja wakikutana msibani.

"Nilikuja kukagua vyumba," alisema. "Nimekagua. Vyumba ni safi."

"Na korido?" mume akauliza, mpumbavu kwa kuchanganyikiwa.

"Korido ina maji. Maji hukauka. Lakini yakauke leo." Aliondoka na ngumi yake imefungwa vilevile, na mlango wake waliusikia ukifungwa bila funguo kulia.

"Jumatatu omba ruhusa kazini," baba mkwe akamwambia mwanawe. "Unipeleke hospitali. Kuna wodi ya wanaume. Mara nyingi ni tezi, ina dawa."

"Nani kakuambia?"

"Mpangaji."

Mume alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshachukua dekio na ndoo, anataka kuinama. Mume akamfuata, akalishika dekio mpini.

"Nipe mimi."

"Hulijui hili."

"Nipe."

Alipiga magoti na nguo zake za kazi. Hakujua kudeki, alisugua kama anayeondoa kutu kwenye geti, kwa nguvu, mahali pamoja, kichwa kimeinama sana hata hawakuuona uso wake. Baba yake alibaki amesimama juu yake, suruali imelowa, hajaenda kubadili, na alimwangalia kwa jicho lile alilokuwa akiwaangalia nalo wanafunzi wake dukani.

"Pembeni hapo umebakiza," alisema.

"Napaona, baba."

"Hupaoni. Kulia kwako."

Mchomeleaji akasogea kulia.